Sindano si kipimo cha kliniki nzuri
Hapa Uganda, ukitoka kliniki na vidonge tu mkononi, jirani atakuuliza: "Kwani hawakukuchoma sindano?" Imani hii ni ya zamani: sindano na dripu ndizo dawa zenye nguvu, na kliniki isiyozitoa haijui kazi.

Chukua malaria. Isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya artemether-lumefantrine, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Ukivimeza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, mwili huvipokea vizuri zaidi. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali, kwa mfano mgonjwa amezimia, ana degedege, au anatapika kila anachomeza. Kumchoma mwenye malaria isiyo kali anayeweza kumeza ni kumwongezea maumivu na bili (na bili, nadhani, ndiyo inayoipendezesha dripu kwa baadhi ya wenye kliniki).

Basi utazame nini? Mimi hutazama kidole. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri malaria ipimwe kabla ya kutibiwa. Mhudumu mzuri anakutoboa kidole, anadondosha damu kwenye kipimo, kisha anasubiri kama dakika 15 kabla ya kusoma mistari. Kisipoonyesha malaria, hakupi dawa yake ili akuridhishe. Anaendelea kukuuliza: kikohozi? mkojo unauma? homa ilianza lini?

Leseni ukutani, sabuni kwenye sinki, hayo unayaona ukiingia tu.