Vikwazo vya uchumi: dawa ina kibali, lakini haifiki

Wakazi wengi wa Arusha wanajua kwamba mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa hapa Agosti 2000. Wachache wanakumbuka kuwa vikwazo vya uchumi dhidi ya nchi hiyo navyo viliamuliwa hapa hapa, tarehe 31 Julai 1996, siku chache baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka kwa mapinduzi. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi. Viongozi wa nchi jirani walidai bunge na vyama vya siasa virudishwe na mahasimu wakae kuzungumza, na madai hayo yalikuwa ya haki.

Tunaulizwa sana: kama dawa na chakula huruhusiwa, raia anaumiaje?

Tazama njia ya mzigo. Burundi haina bahari. Shehena yake nyingi ilishukia Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika. Chanjo inaweza kuwa na kibali, lakini inahitaji gari, gari linahitaji dizeli, na jokofu la zahanati isiyo na umeme linahitaji mafuta ya taa au gesi. Mbolea nayo ikikosekana msimu wa kupanda, njaa huja miezi mingi baadaye, na hapo hakuna tena anayeihusisha na uamuzi wa mkutanoni. Mkulima wa kahawa wa Burundi, mwenye kishamba kama cha mwenzake wa Machame au Kibosho, alifungiwa njia ya kuuza kahawa yake kwa kosa lisilo lake. Magendo yakashamiri, wakafaidika wenye mitaji na waliokuwa karibu na watawala. Hili ndilo linaloniuma zaidi: waliokusudiwa kubanwa walikuwa na upenyo.

Aprili 1997 wakuu hao walikutana tena Arusha wakalegeza masharti ya chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo. Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa.

Siku hizi kizingiti kikubwa ni benki. Ikiogopa faini ya kukiuka vikwazo, hukataa malipo yote ya nchi husika, hata ya insulini iliyoruhusiwa waziwazi. Kwa sababu hiyo Desemba 2022 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2664, ili amri za kuzuia mali zisizuie fedha na bidhaa za misaada ya kibinadamu. Ni hatua kubwa. Lakini haivigusi vikwazo ambavyo nchi au jumuiya ya kanda inajiwekea yenyewe. Julai 2023, baada ya mapinduzi ya Niger, ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika Magharibi, ilifunga mipaka na kusitisha miamala, Nigeria ikakata umeme, na malori ya misaada yakakwama mpakani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa, na wakuu wa nchi huenda wakakaa tena Arusha kuamua jambo kama hili. Wananchi tuna haki ya kuuliza kabla wino haujakauka: dizeli ya hospitali itapita wapi, benki gani itapokea malipo ya dawa, na uamuzi utapitiwa upya lini?