Je, wajua? Machozi ya aliyesalitiwa hayasimamishi ndoa kanisani

Tukio unalijua, iwe tamthilia ya Mexico, ya Ufilipino au hizi zetu za Bongo. Pete iko mkononi. Mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi, aseme sasa au anyamaze milele. Mlango unafunguka kwa kishindo, anaingia yule aliyesalitiwa, macho mekundu: "Ananipenda mimi!" Mama mkwe anazimia. Harusi imekwisha.

Kwa miaka mingi niliamini ndivyo ilivyo, na kila swali lile lilipoulizwa niligeuka kutazama mlango. Nilidhani mchungaji anauliza kama kuna mwenye kinyongo. Kumbe anauliza kama kuna kizuizi: mmoja wao ana ndoa nyingine hai, ni ndugu wa damu, hajafikisha umri, analazimishwa. Kuumizwa moyo hakumo. Kuahidiwa ndoa na kugharamiwa nauli miaka mitatu hakumo. Hata kuzaa na bwana harusi, kwa peke yake, hakumo. Mchungaji mwenye busara huenda akasitisha ibada kidogo asikilize kuna nini, lakini kama kilichopo ni mapenzi tu, mlalamikaji atasindikizwa nje na wazee wa kanisa, na kwaya itaendelea.

Nilikosea pia kudhani swali hilo ni la kila dini. Kwenye nikahi halimo. Kuna walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi, na ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali ndoa. Katika taratibu za ndoa za Kikatoliki nako halimo, wao hutegemea matangazo ya ndoa yanayosomwa mapema. Maneno ya tamthilia yametoka kwenye kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, cha mwaka 1549.

Sasa, kwa nini kuuliza umati? Fikiria unanunua kiwanja uswahilini ambako hakuna hati. Unamwita mjumbe, unawaita majirani, mnasimama kwenye mpaka. Huwaulizi nani alikuwa anakipenda kiwanja hiki. Wangejitokeza mtaa mzima. Unataka kujua kama kimeshauzwa kwa mtu mwingine. Kumbukumbu ya majirani ndiyo daftari lako, na ndiyo maana watu huandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi."

Ulaya ya zamani ndoa ilikuwa kiwanja kisicho na hati. Hadi Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipobadilisha sheria mwaka 1563, mwanamume na mwanamke wakiambiana "nakuoa" na "nimekubali", hata chini ya mti bila padri wala shahidi, Kanisa liliwahesabu wameoana. Mtu angeweza kuoa kwa siri kijiji hiki, akaja na suti kijiji cha pili. Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulikuwa tayari umeagiza ndoa zitangazwe mapema, ili anayejua jambo alitoe.

Tanzania wazo hilo limo katika Sheria ya Ndoa ya 1971: wanaotaka kuoana hutoa taarifa angalau siku 21 kabla, nayo hutangazwa. Mke aliyepo anaweza hata kupinga mumewe kuongeza mwingine kwa hoja kwamba kipato hakitoshi. Aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa naye ana mlango wake, anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata. Atapata pesa ya kitambaa cha kufutia machozi. Bwana harusi harudishwi.

Kwa nini waandishi wa tamthilia wanaziruka hizo siku 21? Nadhani ni kwa sababu ubao wa matangazo hauzimii.

Ila kuna kipande kimoja ambacho wangekipenda. Kitabu kile cha 1549 kilimtaka mpingaji awe na wadhamini, au aweke dhamana inayolingana na gharama za maharusi, mpaka athibitishe madai yake. Tamthilia ambayo aliyesalitiwa anaingia mbio kanisani, na wadhamini wanahema nyuma yake, bado sijaiona.