Utafiti wa uzamivu huanzia kwenye swali: mfano wa furu wa Ziwa Victoria

Wahitimu wanaokuja kuulizia masomo ya uzamili katika ikolojia na mageuko ya viumbe wengi hutaja mnyama: tembo, kasa, sokwe. Kumpenda mnyama kunasaidia, hasa siku za mvua na mbu. Lakini shahada hutolewa kwa swali linalopimika, ambalo mtafiti mwingine anaweza kulirudia akalithibitisha au akalipinga. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Mwanza, kwa samaki ambaye watoto wa kando ya ziwa humvua kwa ndoano: furu.

Ziwa Victoria lilikauka, kisha maji yakarudi karibu miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo, ambao kwa mageuko ni mfupi mno, furu wamegawanyika na kufikia spishi zinazokadiriwa kuwa 500. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, na wapo wanaoishi kwa kupora mayai na vifaranga vinywani mwa majike wengine, maana jike la furu hulelea watoto mdomoni.

Miaka ya 1990 Ole Seehausen, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alifanya utafiti kwenye visiwa vya miamba vya Mwanza. Humo wamo furu wawili wa karibu sana: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Wakizalishwa pamoja, watoto wao huwa wazima na huzaa. Basi ziwani ni nini kinachowazuia wasichanganyike?

Kwenye matangi ya maabara, chini ya taa ya kawaida, jike lilimfuata dume wa aina yake. Taa ilipobadilishwa ikawa ya mwanga unaoficha tofauti ya buluu na nyekundu, jike halikuweza tena kuwatofautisha. Kilichowatenga ni macho ya jike. Ziwani ikaonekana hivyohivyo: penye maji maangavu aina hizi mbili husimama kila moja peke yake, na penye maji yaliyotibuka sana utakuta machotara wa rangi za katikati.

Hapo ndipo ikolojia na mageuko vinapokuwa somo moja. Udongo unaomomonyoka mashambani, mbolea na maji taka ya miji hulisha mwani, mwani hufifisha mwanga, na spishi mbili hurudi kuwa moja bila samaki hata mmoja kuliwa. Tumezoea kumlaumu sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kweli aliwamaliza furu wengi katika miaka ya 1980. Ila tukimtazama yeye tu, hasara nyingine inatupita.

Vifaa vya kazi hii si lazima viwe vya gharama. Uangavu wa maji hupimwa kwa sahani ya Secchi, yenye robo nyeupe na nyeusi, iliyofungwa kamba yenye alama za vipimo. Unaishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli mpaka ipotee machoni, unasoma kina. Unaivuta mpaka ionekane tena, unasoma. Kisha unachukua wastani. Pima karibu na saa sita mchana, na saa hizohizo kila safari, la sivyo utakuwa unalinganisha jua badala ya maji. Nimesoma tasnifu nzuri zilizodhoofishwa na uzembe wa jambo dogo kama hilo.

Takwimu jifunze mapema, kabla ya kwenda uwandani. Programu ya R ni ya bure. Vibali pia vianze mapema, kwa COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na kwa TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, kama unagusa wanyamapori. Kuhusu msimamizi, zungumza kwanza na wanafunzi wake wa sasa.

Maswali hayajaisha. Je, maji yakisafishwa, machotara watagawanyika tena? Itachukua vizazi vingapi? Ukija kuonana nami, njoo na ukurasa mmoja: swali lako, mahali, utakachopima, na matokeo yatakayokufanya ukubali kwamba dhana yako si sahihi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza.