Uvimbe Usiouma

Mama mmoja wa Kaliua alikuja kliniki akiwa amejifunga kanga mbili kifuani, ya ndani ameikunja mara nne ili inyonye majimaji. Alipozifungua niliona kwanza chale, nne kwa mstari, halafu unga wa mizizi uliokaukia ngozini. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama kiazi kibichi, ngozi yake imeingia vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani.

"Mayu, hili lilianza lini?"

"Mwaka juzi, tukiwa tunachuma tumbaku. Kalikuwa kama punje ya karanga hivi."

"Mbona hukuja?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Si kalikuwa hakaumi, daktari."

Jibu hilo nimelisikia Urambo, nimelisikia Sikonge na Nzega, kwa wazee na kwa vijana, hata siku hizi nikiitwa kutoa elimu kwenye mkutano wa kijiji sianzi na maana ya saratani. Naanza na maumivu. Sisi wote hupelekwa hospitali na maumivu: jino, tumbo, kichwa. Malaria, ambayo mkoa wetu wa Tabora ni miongoni mwa mikoa inayoijua zaidi nchini, hukuangusha kitandani jioni ileile na kukulazimisha kutafuta dawa. Saratani haina adabu hiyo. Inaingia bila hodi.

Anayeishi Unyamwezi hahitaji kuelezwa habari za mchwa. Nguzo ya nyumba inaliwa kutoka ndani, kwa nje imesimama wima, rangi yake ileile. Siku paa linapoinama, kazi ilishafanyika zamani. Mwili nao umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Kila siku seli zilizochakaa hufa na mpya huzaliwa kushika nafasi zao, kwa maelekezo yaliyomo ndani ya seli zenyewe. Maelekezo hayo yakiharibika, iwe kwa sumu, kwa virusi, kwa mionzi ya jua, kwa umri au kwa kurithi, seli inaweza kukataa kufa na kuanza kuzaana ovyo. Mwanzoni uvimbe wake ni mdogo. Haujabana mshipa wa fahamu, haujagusa mfupa, haujaziba njia ya chakula wala ya mkojo. Uume kwa sababu gani? Ukianza kuuma, mara nyingi umekwisha kuota mizizi.

Makadirio ya kimataifa yanaiweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zote zinaweza kuzuilika. Kwa hapa kwetu, ninapoangalia wanaopita mlangoni, naona vitu vichache vya nyumbani vikijirudia.

Nianze na kile ambacho watu hawapendi nikitaje. Tabora ndiyo inayoongoza nchini kwa kulima tumbaku. Ada yangu ya sekondari ililipwa na majani hayo, kwa hiyo sina mdomo wa kumtukana mkulima. Maneno yangu ni kwa anayeitumia. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati ya hizo zimethibitika kusababisha saratani. Haziishii kwenye mapafu. Zinapita kwenye damu na kutoka na mkojo, ndiyo maana mvutaji anaweza kupata saratani ya kibofu, ya kongosho na ya figo, mbali na ile ya mdomo, koo na mapafu. Habari njema ni kwamba mwili unasamehe: aliyeacha kwa miaka 10, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua hadi karibu nusu ya ile ya mwenzake aliyeendelea kuvuta.

Kuna kundi lingine ambalo halijihesabu kabisa. Bibi zetu wa ugoro. "Mimi sivuti," huniambia, na kidonge cha ugoro kipo palepale kati ya fizi na mdomo wa chini. Ugoro hautoi moshi lakini sumu ni ileile ya tumbaku, tena inakaa mahali pamoja saa nzima ikilowana na mate. Fanya hivi leo: nenda kwenye kioo chenye mwanga, uvute mdomo wa chini mpaka uone fizi, kisha inua ulimi, utazame chini yake na pembeni. Ukiona alama nyeupe isiyofutika kwa kidole, au baka jekundu, au kidonda kilichozidi wiki 3 bila kupona, njoo. Kitakuwa hakiumi.

Pombe nayo imo kwenye orodha, na hainisaidii kitu mtu akinieleza kwamba yake ni ya kienyeji. Saratani za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti zote zina uhusiano na pombe. Anayekunywa na kuvuta kwa pamoja hajumlishi hatari, anaizidisha.

Sasa nikae kidogo kwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine, na ndiyo inayoniuma zaidi kwa kuwa haikupaswa kumuua mtu. Karibu visa vyake vyote huletwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili tu, namba 16 na 18, zinahusika na takribani asilimia 70 ya visa hivyo. Virusi hivi ni vya kawaida sana. Watu wengi wanaojamiiana huvipata wakati fulani maishani na mwili huvifukuza wenyewe. Kwa hiyo mume asipokee majibu ya mkewe kama hati ya mashtaka. Kwa wachache virusi hung'ang'ania, na hapo safari huanza: miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara 6 zaidi ya asiye navyo.

Miaka 15! Mtoto anazaliwa, anamaliza darasa la saba, na muda wote huo tungeweza kulikamata tatizo kabla halijawa saratani. Kipimo chenyewe, kwa mama asiyekijua, kiko hivi. Unalala chali kitandani, shuka juu ya magoti. Muuguzi anaingiza kifaa chenye umbo la mdomo wa bata ili auone mlango wa kizazi. Kinakera, hakichomi. Anapaka majimaji yenye asidi ileile iliyomo kwenye siki, anasubiri dakika moja, anamulika taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kuharibika hubadilika kuwa nyeupe. Palipo pazima hubaki na rangi yake ya waridi. Ikionekana weupe unaotibika hapohapo, eneo hilo huunguzwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi kali, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake akiwa na sharti la kutokutana na mumewe kwa wiki kadhaa. Umri unaolengwa ni miaka 30 hadi 50, na wenye VVU huanza mapema zaidi. Uliza kwenye kliniki ya mama na mtoto au kliniki unakochukulia dawa za VVU.

Kwa mabinti ipo chanjo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inafunga kizazi nimeusikia mpaka kwenye gari moshi. Chanjo haifungi chochote ila mlango wa virusi. Ajabu ni kwamba kinachoweza kumwondolea binti kizazi ni saratani yenyewe, maana matibabu yake yanaweza kuwa kukiondoa.

Dalili zikishaonekana hazifichiki: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu kali. Mama aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone moja, asiseme "nimerudia ujana." Aje.

Wanaume wa majaruba ya Igunga na Nzega nao wana lao. Sisi tuliokulia kandokando ya mabwawa tulioga humo kutwa, na mkojo mwekundu wa mwishoni ulikuwa utani wa wavulana: fulani amekua. Ulikuwa kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hukwama kwenye ukuta wa kibofu, yanaukwaruza na kuuvimbisha mwaka baada ya mwaka, na kibofu kilichovimba hivyo kwa miaka mingi kinaweza kuota saratani. Tiba ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli, unavimeza siku moja kulingana na urefu au uzito wako. Lakini mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu asimalize habari kwa vidonge. Anatakiwa achunguzwe kibofu. Na mzee aliyevuka miaka 50 ambaye mkojo unakatika katika, au anaamka mara nne usiku, apimwe tezi dume; mara nyingi ni uvimbe wa kawaida wa umri, ila huwezi kujua kwa kukisia. Wengi hukimbia kwa sababu ya kile kidole cha daktari kinachopita njia ya haja kubwa kuipapasa tezi. Kipo pia kipimo cha damu, tunaweza kuanza na hicho.

Ghalani usipuuze ukungu. Mahindi na karanga zilizovunwa mbichi au kuanikwa chini udongoni huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Inaharibu ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Anika kwenye turubai, hifadhi yakiwa yamekauka kweli, karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi usizitupie kwenye kinu "za mboga." Watoto huchanjwa dhidi ya homa ya ini B wakiwa wachanga, watu wazima wengi wetu tulizaliwa kabla ya utaratibu huo, kwa hiyo tupime.

Watoto nao hupata saratani. Taya linalovimba haraka na meno kulegea, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama ya paka usiku, tumbo linalokua upande mmoja: hayo hayahitaji kusubiri mpaka mavuno. Saratani ya taya kwa watoto huonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama yetu, na ikiwahiwa hupona kwa dawa. Na ndugu zetu wenye ualbino, jua hili la Tabora kwao ni sumu halisi: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kila kidonda cha usoni, midomoni au masikioni kionwe na mtaalamu.

Imebaki hofu moja ambayo naipigania kila wiki. "Kisu kikigusa kansa, inasambaa." Watu wanasema hivyo kwa sababu wamemwona jirani akikatwa kinyama cha vipimo, na miezi mitatu baadaye akazikwa. Waliyemwona alifika hospitali akiwa na hali mbaya. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa kabla sindano haijamgusa. Kinyama kile ndicho kinachotuambia kama ni saratani, ni ya aina gani na inatibiwa kwa nini. Bila hicho daktari anapiga ramli kama mganga. Uvimbe mwingi wa matiti, kwa taarifa yako, si saratani. Lakini hilo linasemwa na darubini, halisemwi na kidole, wala na jirani.

Na lawama si za wagonjwa pekee. Yule mama wa Kaliua, kabla ya chale, alikuwa ameonyesha uvimbe wake kwenye zahanati moja akapewa dawa za jipu, mara mbili. Jipu huuma, huwa na joto, huiva. Lake halikuwa na lolote kati ya hayo, na aliyempa dawa alipaswa kuliona hilo. Tulimpa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wengine huenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Alianza na dripu za dawa za kupunguza uvimbe, ndipo upasuaji ukafuata. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya karanga ungeshughulikiwa kwa njia nyepesi zaidi na kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo ukifika dirishani usiseme tu "najisikia vibaya," utaandikiwa kipimo cha malaria. Sema: nina uvimbe, hauumi, uko hapa, nimeuona tangu mwezi fulani, unakua. Ukipewa dawa na baada ya wiki 3 uvimbe ukawa palepale, rudi na lile lile daftari lako la hospitali, ulifungue ukurasa wa tarehe ya kwanza, uuweke mezani.