Mchokoa Majivu na Zimwi: Ngano za Georgia

Ukitaja Georgia wengi wanawaza Atlanta. Hapana, tunaongelea ile nchi ndogo kati ya Urusi na Uturuki, mji mkuu Tbilisi, watu wa mvinyo na jibini na milima ya Kaukasi. Sisi wa kitengo cha fasihi simulizi tukiwasimulia watoto ngano zao wanacheka palepale, maana shujaa anayependwa kule si lazima awe mwana wa mfalme, kuna jamaa anaitwa Natsarkekia, kazi yake kukaa mekoni kuchokoa majivu kutwa nzima basi.

Nyumbani wakamchoka wakamtimua. Akaondoka na jibini laini, mfuko wa majivu na msharasi, ndo silaha zake hizo. Mtoni akakutana na devi, yaani zimwi la kwao, kubwa balaa, mengine yana vichwa vitatu hadi tisa. Jamaa anaogopa ila haonyeshi, anashika jibini anasema hili jiwe mi nalikamua maji, na kweli maji yakachuruzika, devi nalo likaokota jiwe la kweli likakamua weee, wapi! Akapiga mguu chini vumbi likatimka (majivu hayo, alitoboa mfuko). Basi likambeba kumvusha mto, likashangaa mbona mwepesi hivi, akajibu nimeishikilia mbingu kwa mkono mmoja. Hebu achia tuone! Akalidunga msharasi shingoni, likapiga yowe: shika mbingu, shika haraka!

Tbilisi ilichomwa na jeshi la Uajemi 1795, na kabla ya hapo walishapita Wamongolia na Waturuki. Mi naona watu waliozungukwa na wakubwa namna hiyo lazima wampende huyu mvivu, japo hata sisi Sungura wetu hajambo kwa kuwachezea wakubwa.

Nyingine ni ya sisimizi aliyetumbukia majini. Rafiki yake kiroboto akakimbilia kwa nguruwe kuomba unywele wa kusokotea kamba, nguruwe akataka mbegu za mwaloni, mwaloni ukataka kunguru aondoke, kunguru akataka kifaranga, mlolongo ukaenda hivyohivyo mpaka kwa ng'ombe aliyetaka nyasi. Umbo lake ni lilelile la ngano ya Mwalimu Goso wa Zanzibar. Ila angalia biashara iliyopo: hakuna anayetoa kitu bure, cha bure ni nyasi tu.

Sio zote za kuchekesha lakini. Kuna shujaa wao Amirani, alimchokoza Mungu akafungwa mnyororo milimani, mbwa wake anaulamba mnyororo mwaka mzima mpaka unakuwa mwembamba, ukikaribia kukatika wahunzi wanagonga nyundo kwenye fuawe siku ya Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka, mnyororo unakuwa mzito upya. Na wahunzi wa vijijini kule walikuwa wanagonga kweli siku hiyo, hata kama hawana chuma cha kufua.