Je, wajua? Oili nyeusi huenda bado ni nzima

Fundi anachomoa stiki ya kupimia oili, anaifuta kwa kitambaa cheupe na kukuonyesha: "Bosi, hii imekufa, tazama ilivyo nyeusi." Wengi tumemwaga oili kwa ushahidi huo mmoja, tukauziwa na dawa ya kusafisha injini juu yake. Lakini weusi hausemi kwamba oili imeisha. Mara nyingi unasema iko kazini.

Weusi huo ni masizi. Mafuta yakiungua kwenye silinda, masizi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushukia kwenye oili. Injini ya dizeli hutoa mengi zaidi, kwa hiyo oili mpya ya pikapu inaweza kuwa nyeusi siku ileile, hasa kwa kuwa ya zamani haitoki yote inapomwagwa. Injini za petroli za D-4, zile za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nazo huwahi kuichafua.

Chukua beseni la kufulia ovaroli ya gereji. Ukishatia sabuni, maji huwa meusi upesi, na hakuna anayelalamika, maana uchafu umeachia nguo. Anayefua huangalia povu. Povu likikata, sabuni imeisha na uchafu huanza kurudi kwenye nguo. Oili ina viungo vya namna hiyo: vingine hung'oa uchafu na kuzima asidi, vingine huzingira kila chembe ya masizi isishikane na mwenzake. Chembe hizo ni ndogo mno, filta haizinasi. Viungo vikichoka, masizi hugandana, tope hujengeka chini ya kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, na vijia vya oili huanza kuziba. Bahati mbaya, "povu" la oili halionekani kwenye stiki. Kulipima hasa ni kazi ya maabara. Kwa gari la nyumbani hesabu kilomita na miezi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Usome kitabu chote, lakini. Vingi vina safu ya pili, ya matumizi magumu: vumbi, foleni, mizigo, safari fupifupi. Muda wa huko mara nyingi ni nusu, na gari la Dar es Salaam au Nairobi huangukia humo bila kubisha hodi. Gari la mkononi lisilojulikana liliwekwa oili lini, badilisha tu, rangi iweje.

Zipo dalili za kweli za hatari. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, pengine gasketi ya silinda hedi imeungua. Utando mwembamba wa rangi hiyo, ukiwa chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake, unaweza kuwa mvuke wa safari fupi. Oili inayonuka petroli huku kiwango chake kwenye stiki kikipanda inaingiwa na mafuta.

Stiki hiyohiyo hukulinda na biashara nyingine, ya ujazo. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na IST nyingi, huchukua lita 3.7 pamoja na filta mpya. Galoni ya lita 4 inatosha na kubaki. Ukiambiwa uongeze chupa ya lita moja, uliza itaingia wapi. Ikijazwa kupita alama ya juu, kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaweza kuipigapiga mpaka itoe povu, na pampu ikavuta hewa badala ya oili. Povu hili, tofauti na lile la beseni, halifui kitu.