Jina la mwaniaji linapofanya kazi, na linapogonga mwamba

Ukikaa miaka kwenye meza ya usanifu wa gazeti la Kiswahili, unazoea kuwapima wanasiasa kwa herufi. Ruto ana nne. Uhuru na Raila, tano tano. Wetang'ula ni mzigo, ndiyo maana akawa Weta. Kwenye kichwa cha safu moja, jina refu linakunyima kitenzi, na habari isiyo na kitenzi haiendi popote. (Uhuru naye alikuwa na balaa lake: andika kichwa chenye neno hilo kwa herufi kubwa, na msomaji hajui kama ni rais wa nchi au ni haki iliyopiganiwa.)

Basi wageni wa siasa hunijia na swali: je, nikifupisha jina nitaandikwa zaidi? La. Mambo huenda kinyume. Jina hufupishwa kwa kuwa mwenyewe ameshakuwa mkubwa, na wasomaji watamtambua hata likikatwa nusu. Mwakilishi wa wadi akikamatwa, kichwa kitasema “MCA akamatwa”, hata kama jina lake lina herufi tatu. Akikamatwa Sonko, ataitwa Sonko. Ukitaka kujua nani anapendelewa na vyombo vya habari, usihesabu herufi. Tazama nani anatajwa kwa jina na nani anatajwa kwa cheo. Sonko mwenyewe alilielewa hilo mapema. Alizaliwa Gideon Mbuvi Kioko, lakini lakabu ya mtaani, yenye maana ya tajiri, akaipeleka hadi kwenye karatasi ya kura, akawa seneta wa Nairobi 2013 na gavana 2017. Lakini asisahau mtu kwamba lakabu hiyo ilikuwa imetangulia kuzoeleka midomoni mwa watu.

Kuna hoja nyingine inayotoka Marekani. Watafiti waliochunguza taarifa za habari za televisheni wakati wa mchujo wa chama cha Democratic wa 2008 walikuta kwamba Hillary Clinton alitajwa kwa jina la kwanza mara nyingi kuliko wanaume aliokuwa akishindana nao. Wakasoma hapo dalili ya kumshusha mwanamke. Huko huenda ni kweli. Ila usiichukue kanuni hiyo mzima mzima ukaileta kwetu. Kenya, mwaka 2022, mgombea urais wa muungano wa Azimio, Raila Odinga, aliandikwa Raila, na mgombea mwenza wake, Martha Karua, akaandikwa Karua. Mwanamume jina la kwanza, mwanamke jina la baba! Sababu ni kwamba “Odinga” tayari alikuwa baba yake, Jaramogi, kama vile “Kenyatta” alivyokuwa Mzee Jomo. Mtoto wa mtu mkubwa hubaki na jina lake la kwanza. Ndani ya habari yenyewe tulirudi kwenye adabu, Bw Odinga na Bi Karua.

Mfano wa Rais Samia Suluhu Hassan unanifurahisha zaidi. Watanzania humwita Samia au Mama Samia. Magazeti ya Nairobi hupenda Suluhu. Mashirika ya habari ya Kiingereza humwandika Rais Hassan, bila kujua, nadhani, kwamba kwa desturi ya Zanzibar hilo ni jina la babu yake. Na hayati Maalim Seif aliitwa kwa jina la kwanza maisha yake yote ya siasa bila yeyote kudhani anadharauliwa.

Sasa kura. Mkenya akiingia kituoni hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge, mwakilishi wa wadi. Kwenye ya rais, jina halimfundishi jipya. Kwenye ya wadi, ambako huenda hajawahi kuwaona nusu ya wawaniaji, jina linasema mengi, na sote tunajua linasema nini. Ukijitambulisha Nairobi kwa jina la Kikristo pekee, swali linalofuata ni “na jina lingine?” Hilo lingine ndilo la kukuweka kwenye kabila. Hapo jina linatumika kama njia ya mkato ya mtu asiye na habari nyingine, na lawama kidogo ni yetu wanahabari, kwa kuwa habari hizo ndizo ambazo hatukumpa.

Illinois, Marekani, Machi 1986, walilipia kosa la aina hiyo. Katika mchujo wa Democratic, Mark Fairchild na Janice Hart, wafuasi wa Lyndon LaRouche mwenye siasa kali, waliwashinda George Sangmeister na Aurelia Pucinski, chaguo la chama, katika nafasi za naibu gavana na waziri wa jimbo. Vyombo vya habari vilikuwa havijawajali. Wachambuzi wengi walisema wapigakura wasiowajua wagombea walivutwa na majina yaliyosikika ya kawaida. Adlai Stevenson III, aliyeteuliwa kuwania ugavana, alikataa kusimama pamoja nao, akaunda chama kingine, akashindwa Novemba.

Kwa upande wa pili, umaarufu pekee hautoshi: mwanamuziki Joseph Mbilinyi aliingia Bunge la Tanzania 2010 kutoka Mbeya Mjini akijulikana nchi nzima kama Sugu, na mwanamuziki mwenzake Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akaingia 2015 kutoka Mikumi. Mwaka 2020 wote wawili walishindwa. Majina yalikuwa yale yale na umaarufu ule ule. Chama chao, CHADEMA, kiliambulia jimbo moja tu nchi nzima.

Wanaonilipa niwashauri hawapendi kusikia la mwisho. William Ruto alijichagulia “hasla”, yaani mtu anayehangaikia riziki, akaingia nayo Ikulu 2022. Kufikia 2023, kodi zilipopanda, wananchi walikuwa wamempa lao: Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Hilo la pili hakuna aliyelipwa kulibuni, na kwenye kichwa cha safu moja linaingia bila shida.